Grisi ya Baba Mkwe

Mwaka jana, kwenye mteremko wa kwenda Filey, mji wa pwani, karavani yetu ilianza kutikisa mkia. Lori lilitupita kwa kasi, upepo wake ukaisukuma, na kile kijumba cha magurudumu kikawa kinayumba kulia na kushoto, kikilivuta gari letu huku na huko. Sisi tulinusurika, vikombe havikunusurika. Nikamwambia mume wangu Neville, mikono yangu ikiwa bado imeng'ang'ania kiti: "Utafute kitu cha kuituliza, au uiuze. La sivyo, mimi simo."

Neville amestaafu. Akinyang'anywa karavani anabaki na mimi tu, na sote wawili tuliiona hatari yake.

Basi majira yote ya baridi akawa anachagua kituliza. Kulikuwa na cha ufito wa chuma wa kufungwa ubavuni, rahisi, lakini kila safari uufunge na kuufungua. Na kulikuwa na kingine, kichwa kizima cha kuvutia karavani, chenye pedi ndani zinazolibana lile tufe la chuma la nyuma ya gari inapofungwa karavani, kama breki zinavyobana. Akachukua hicho. Muuzaji alisema, na mimi nikisikia: tufe liwe kavu, rangi ikwanguliwe kwa msasa, grisi marufuku hata tone. Kikilia kwenye kona, ujue kinabana.

Baba mkwe, Mzee Wilf, anaishi chumba chetu cha nyuma. Tangu Neville anavaa kaptula, kulipaka tufe grisi ni kazi ya Mzee, kisha hulivika nusu ya mpira wa tenisi lisiingie vumbi. Alisimama na kikombe chake cha chai akitazama mwanawe anavyokwangua.

"Chuma juu ya chuma, bila grisi?"

"Hiki hakitaki, baba."

"Hakitaki! Kimekwambia lini?"

"Muuzaji kasema, Mzee," nikadakia.

"Muuzaji kazi yake kuuza. Ulitaka aseme nini?"

Neville akakaza bolti, akaunganisha, akaushusha mkono wa kifaa mpaka chini, tukauzunguka mtaa. Kililia kila kona kama mlango wa banda. Mapazia ya majirani yakafunuka. Neville aliona haya. Mimi roho yangu ilitulia.

Asubuhi ya safari tulimkuta Mzee nje ametutangulia, anafuta mikono kwenye suruali. Neville akaifunga karavani kwenye gari, tukapungiana mikono na Mzee. Kipilefti cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya.

"Neville, mbona hakilii?"

"Kimezoea."

"Kimezoea nini, ndoa? Simama."

Alisimama kando ya barabara, akaifungua karavani. Nikalipitishia tufe kidole, kikatoka cheusi.

"Uliiona hii wakati unafunga?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza?"

"Alikuwa amefurahi mno, mke wangu. Kapaka mpaka kaling'arisha."

Nilikasirika hadi matusi yakanikimbia. Mtu niliyezeeka naye alikuwa tayari kunipeleka kwenye mteremko ule ule ili baba yake asinune! Pedi zilikuwa zimelowa grisi, hazifai tena. Tukageuza, tukarudi mwendo wa jeneza, na njia nzima nikiyapanga maneno ya kumwambia Mzee.

Tulimkuta bado yuko langoni, pale pale tulipomwacha, kopo la grisi mkononi.

"Mmesahau nini?" akauliza.

Nikalitazama lile kopo. "Tumekusahau wewe," nikasema. "Kafunge mzigo. Pedi mpya zikifika, tunakwenda wote."

Neville alinitazama kana kwamba nimemzalia mtoto mwingine. Asifurahi sana. Nilitaka tu Mzee akae mahali ninapoiona mikono yake.

Jumamosi iliyofuata Mzee alikaa kiti cha nyuma, na kila kona ikawa ni yeye na kile kifaa.

"Kinalia hicho, jamani. Kinaumia."

"Kiache kilie, Mzee."

"Tone moja tu."

"Mzee!"

Nasikia kwenye mteremko wa Filey lori lilitupita tena, na karavani haikutikisika. Nimesimuliwa tu. Mimi nilikuwa nimelala, miguu yangu juu ya kopo la grisi.