Kochi Jipya la Fundi Rangi

Fundi rangi alipoleta kochi jipya nyumbani, mkewe mshonaji alimuuliza limetoka wapi.

"Bosi kanikopesha, mama watoto. Nitakatwa kidogo kidogo," alijibu, akakimbilia kuoga.

Mke hakuridhika. Mumewe hakuwa mtu wa kuoga mchana.

Baadaye akaja mgeni, mwanamume mpole aliyejiita rafiki wa baba watoto. Alikaa kwenye kochi, akakataa chai, akawasifu watoto. Ila macho yake hayakubanduka kwenye cherehani iliyokuwa karibu na dirisha.

"Inashona vizuri, shemeji?" aliuliza. "Mota yake haijawahi kufunguliwa?"

Mke akajiuliza: mtu aliyekuja kusalimia anaulizia mota ya nini? Mgeni alipoondoka tu, akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, huyo ni mtu wa duka la makochi, siyo bosi wala rafiki. Umeweka nini rehani huko?"

Mume akainamisha kichwa. "Niliandikisha cherehani yako kuwa dhamana ya kochi. Nilitaka upate pa kuegemea. Kila siku unalalamika mgongo."

Maneno hayo yalimlainisha kidogo, lakini hakukaa. Siku hiyo hiyo aliita mkokoteni, akapakia kochi, akaufuata nyuma pamoja na mumewe mpaka dukani, na hakuondoka hadi muuzaji alipoifuta cherehani kwenye daftari la madeni mbele ya macho yake. Malipo ya kwanza aliyokuwa ametoa mume hawakurudishiwa.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, mume alimshika mkono. Mke hakuutoa. Lakini tangu hapo, mumewe akileta hata sufuria, humuuliza mara mbili imetoka wapi.