Tangazo Ambalo Hakuna Aliyelibonyeza

Nilimfukuza Truphena saa tatu kasorobo asubuhi, mbele ya madereva, wabadilishaji pesa na mama wa chapati, na nilimfukuza kwa sauti yangu yote. Wanaonijua hapa Malaba wanaijua sauti hiyo. Nilisema, "Kanisani wewe ni katibu wa akina mama, ukifika hapa unafungua video chafu kwa kompyuta yangu! Toka!"

Hakuna aliyekuwa ameniambia habari ya video. Nilijitungia pale pale, mdomo ukitangulia akili kama kawaida yake.

"Madam, sikubonyeza kitu," Truphena alisema. "Nimekaa tu kwa kiti, nikagusa..."

"Toka!"

Akatoka. Miaka tisa amenifanyia kazi, na alitoka na mkoba wake mkononi huku watu wakimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Mtu mmoja akapiga mluzi.

Ngoja nieleze vizuri, maana hasira ikinipanda naruka mambo. Kazi yangu mimi, Yvonne Asekenye, ni kupitisha mizigo mpakani. Chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja. Mwenye mzigo anakuja, tunamjazia fomu kwenye mfumo wa forodha, tunaambatisha vibali vyake, gari linavuka kwenda Uganda. Hiyo kompyuta niliiweka uso wake uangalie dirisha. Kila asubuhi nilikuwa nafungua ukurasa wa reti, ule unaoonyesha shilingi ya Uganda inaendaje, na nauacha wazi kutwa. Wabadilishaji pesa wanaosimama nje wanachungulia, wanajua bei ya siku, na kwa shukrani wananiletea wateja. Juu ya ukurasa huo kulikuwa na matangazo yanayowakawaka: viatu, mikopo, dawa ya kupunguza tumbo. Nani aliyatazama? Sisi tulitazama reti.

Siku hiyo mteja alikuwa Zilpa, mama wa Nambale anayeangua vifaranga kwa mashine. Alikuwa na vifaranga elfu mbili wa siku moja ndani ya masanduku, nyuma ya pikapu, wakienda Tororo. Kifaranga wa siku moja hangoji mtu. Akivuka asubuhi anafika, anapewa maji, anawekwa chini ya taa, anaishi. Jua likimkuta ndani ya sanduku, basi.

Truphena alikuwa ameenda uwanjani na Zilpa kuandika namba ya gari na kuhesabu masanduku. Aliporudi aliketi kwenye kompyuta, akaigusa iamke, na skrini ikaja nyekundu. Maneno ya Kiingereza: faili zenu zote zimefungwa, lipeni ndani ya siku tatu mfunguliwe. Nilimkuta hapo, mkono wake ukiwa bado juu ya kipanya. Nilihitaji ushahidi gani mwingine?

Okiria alifika saa tatu na dakika kumi. Yeye hutengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda karibu na maegesho ya malori, mtu mpole asiyependa kelele, kwa hiyo hanipendi sana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya wa intaneti. Kisha akachomeka flashi yake, akaiwasha kompyuta kwa njia zake, akaanza kusoma.

Nje, Zilpa alikuwa amefunika masanduku kwa kanga yake. Vifaranga walikuwa wakilia wote pamoja, sauti nyembamba isiyokatika, nami nilitamani kuziba masikio.

"Mama," Okiria aliuliza, "faili zilianza kufungwa saa moja na dakika hamsini na mbili. Nani alikuwa hapa?"

"Truphena."

Zilpa aliitikia kutoka mlangoni. "Hapana. Saa hiyo Truphena alikuwa na mimi uwanjani. Tulikuwa pamoja tangu saa moja na nusu."

Saa moja na dakika hamsini na mbili nilikuwa hapo hapo, kwenye kiti hicho hicho, nikinywa chai.

"Ulikuwa umefungua nini?" Okiria aliuliza.

"Reti tu. Ile ya kila siku."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi virusi vimepitia huko. Si kwa reti, kwa tangazo. Tazama, hii hapa ndiyo historia. Ukurasa wa reti umefunguka, tangazo limejitokeza, na hilo tangazo likaiita tovuti nyingine ambayo hamkuifungua nyinyi. Dakika moja baadaye, mambo yakaanza."

"Tangazo? Okiria, usinifanye mtoto. Tangazo ni picha!"

"Hizi siku si picha tu. Ni programu ndogo. Na mwenye ukurasa hajui nini kiko ndani, kwa sababu nafasi ya tangazo huwa anaikodisha. Wewe unapitisha makontena ya mizigo ya watu wengi, si ndiyo? Mwenye lori anajua kila mtu alifunga nini ndani ya boksi lake?"

"Hajui."

"Ni hivyo. Na kompyuta ingekuwa na apdeti, pengine ingelizuia hapo mlangoni. Mara nyingi huzuiwa. Lakini hii..." Alihesabu kwa kidole. "Hii imeomba apdeti miezi kumi na nne. Kila mara mtu anabonyeza 'baadaye'."

Mtu huyo ni mimi. Apdeti inakula bando, na bando nanunua mimi. Truphena aliniambia mara ngapi? Nilikuwa namjibu kwamba kompyuta si gari, haihitaji sevisi.

"Lakini mimi sikubonyeza kitu!" nilipayuka. "Naapa, Okiria, hata sikuligusa!"

Nikayasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu. Yalikuwa maneno ya Truphena, karibu neno kwa neno. Aibu iliyonishika hapo sijawahi kuionja maishani, na nimewahi kuanguka kanisani mbele ya askofu.

"Mama." Sauti ya Zilpa ilikuwa imebadilika. "Mama, wameanza kunyamaza."

Tulitoka mbio. Aliinua kifuniko cha sanduku la juu. Vifaranga walikuwa wamefungua midomo, mabawa yametanuliwa, hawalii. Wawili hawakuwa wakitikisika kabisa. Zilpa alianza kupepea kwa kadibodi huku akisema "jamani, jamani, jamani," na machozi yakimtoka.

"Chukua laptopu yangu," Okiria aliniambia. "Ni safi. Ingia kwa mfumo, jaza fomu. Kibali si kilikuja kwa barua pepe? Kitoe huko."

"Paswadi..." nikasema.

"Ya nini?"

"Zote. Kompyuta ilikuwa inazikumbuka yenyewe. Anayezijua kwa kichwa ni Truphena."

Okiria aliokota kadibodi naye, akaanza kupepea. Angenitukana ningeshukuru. Nilipiga simu ya Truphena mara sita. Imezimwa.

Nikarukia boda. Nilimwambia mwendeshaji apite katikati ya malori, apite popote, na akipunguza mwendo nitashuka niendeshe mwenyewe. Truphena amepanga nyumba nyuma ya posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi, upande wa kwenda Amagoro. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, viatu bado miguuni, mkoba magotini, kana kwamba hajui aingie ndani au arudi barabarani.

"Truphena, ni mimi niliyekosea," nilisema kabla sijashuka vizuri. "Ni tangazo. Lile la kwenye reti. Halikubonyezwa na mtu, limeingia lenyewe, na nilikuwa mimi hapo, si wewe. Nisamehe dada yangu. Twende, vifaranga wanakufa."

Hakusimama.

"Unajua kwa nini nimezima simu?" aliuliza. "Mwenyekiti wa akina mama alinipigia hata sijafika nyumbani. Amesikia. Amesema Jumapili nisije kusoma taarifa, tungoje kwanza maneno yatulie. Halafu shemeji yangu akapiga kutoka Butula. Butula, madam! Anauliza ni video gani."

Mimi, Asekenye, nikaketi kwenye ngazi ya chini yake.

"Miaka tisa," alisema. "Hukuniuliza hata swali moja."

"Nitasema mbele yao. Pale pale nilipokutukana. Nitataja kila kitu."

Aliutundika mkoba begani. Kisha akainuka. "Zilpa hana kosa," alisema, akapanda boda mbele yangu.

Kwenye kibanda cha Okiria, Truphena alifanya kazi kwa laptopu ile bila kuinua macho. Alibadilisha paswadi zote kwanza, kwa sababu Okiria alisema huenda hizo nazo zimeibwa. Kisha akafungua barua pepe, akatoa kibali, akajaza fomu, akatuma. Mtandao ukazunguka. Ukasimama. Ukazunguka tena. Zilpa alikuwa akimwaga maji chini ya pikapu ili hewa ipoe. Mimi nilisimama nikijiuma vidole. Saa tano na dakika nane jibu likaja: imekubaliwa. Pikapu iliondoka kabla sijamaliza kusema asante, na mchana Zilpa alituma ujumbe kutoka Tororo. Vifaranga wa masanduku mawili walikufa. Waliobaki wanakunywa maji.

Nikamshika Truphena mkono mpaka mbele ya ofisi. Nikapiga makofi. Wote walikuwapo: madereva, mama wa chapati, Ogutu na wabadilishaji pesa wenzake.

"Sikieni!" nilisema. "Asubuhi nilimsingizia huyu mama. Hakufungua video. Hakubonyeza kitu. Virusi viliingia na tangazo la kwenye ukurasa wa reti, wakati nimekaa hapo mimi mwenyewe, kwa sababu nilikataa kufanya apdeti. Kosa ni langu. Yeye hata ofisini hakuwepo!"

Ogutu akacheka kidogo, kwa adabu.

"Mama, tangazo linaingiaje peke yake? Mimi naona matangazo kwa simu yangu tangu asubuhi hadi jioni. Usipobonyeza, halikufanyi kitu. Kila mtu anajua."

"Ogutu, nakwambia liliingia lenyewe! Muulize Okiria!"

"Okiria ni rafiki yenu." Akamgeukia dereva mmoja, wakatabasamu.

Nilirudia. Nilieleza habari ya kontena la mizigo ya watu wengi, nilieleza saa moja na dakika hamsini na mbili, nilieleza mpaka sauti ikakwaruza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunitazama kwa huruma. Mama wa chapati alikuja akanishika bega.

"Tumekuelewa, mama," alisema kwa upole. "Umemfunika mwenzako. Kweli una roho nzuri."

Nikageuka nimtazame Truphena. Alikuwa amesikia yote. Alirekebisha mkoba begani, akavuka barabara katikati ya malori, na watu wakampisha njia huku wakimtazama tena kuanzia kichwani mpaka viatuni.