Kundi la Chaki

Mwaka 1998 Mumbe Kaindi alikuwa mhadhiri msaidizi wa hisabati katika tawi dogo la chuo kikuu lililofunguliwa nje ya Msambweni. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Shimba Hills, Wakamba waliopata mashamba huko zamani, naye alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufundisha chuoni. Kwa hiyo Daktari Wafula alipofika kutoka Nairobi na kompyuta nane, akamwomba awe msaidizi wake wa utafiti, alikubali siku hiyo hiyo.

Swali la utafiti lilikuwa jema: je, kompyuta humsaidia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuielewa kalkulasi? Wanafunzi walikuwa arobaini. Daktari Wafula aliwagawa kwa kura. Ishirini wangesoma kwa kompyuta, ishirini kwa ubao na chaki kama ilivyokuwa siku zote. Mwisho wa muhula wote wangefanya mtihani mmoja na alama zao zingelinganishwa.

Mumbe alifundisha makundi yote mawili. Wale wa kompyuta waliandika mlinganyo, wakabadilisha namba moja, na grafu ikajikunja mbele ya macho yao. Wale wa chaki walimtazama yeye akichora, akifuta, akichora tena, hata mikono ikawa myeupe mpaka kwenye viwiko. Wakitoka darasani walipita kwenye dirisha la chumba cha kompyuta, wakachungulia. Chome, mmoja wao, aliyekuwa amefanya kazi ya ulinzi hotelini Diani miaka miwili kabla ya kuingia chuoni, alimwuliza siku moja kosa lao lilikuwa nini. Mumbe akamweleza habari ya kura. Maelezo yalikuwa sahihi, lakini yeye mwenyewe hayakumridhisha.

Mtihani ukafanywa. Kundi la kompyuta lilipata wastani wa alama sitini na moja, kundi la chaki hamsini na tisa. Daktari Wafula alikuwa ametarajia pengo kubwa. Alisahihisha upya, akapata yale yale. Ndipo alipozipitia karatasi za kundi la chaki moja moja, akaona kwamba wengi wao walitumia njia ambayo ilifundishwa kwenye kompyuta tu. Alipouliza, hakuna aliyemficha. Walifundishwa na Mwanasha Dzombo.

Mwanasha alikuwa msichana wa Gazi, wa kundi la kompyuta. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa mbele ya mashine, akainakili michoro kwa penseli kwenye karatasi za grafu, kumi au kumi na miwili kwa mlinganyo mmoja. Kisha alikwenda bwaloni, akaipanga mezani kwa mfuatano, wenzake wa kundi la chaki wakaona jinsi grafu inavyosogea. Wakimwuliza jambo asilolijua, kesho yake alilijaribu kwenye kompyuta na kuwaletea jibu. Waliomfuata walikuwa kumi na wanne.

Daktari Wafula alimwandikia mkuu wa tawi, Bwana Nzai, kwamba mwanafunzi huyo amefanya udanganyifu na ameuchafua utafiti. Alitaka aadhibiwe. Akamwambia Mumbe pia kwamba wale kumi na wanne atawaondoa. Wangebaki sita, ambao wastani wao ulikuwa arobaini na nne, na hao ndio wangeitwa kundi la chaki kwenye ripoti.

Mumbe alikwenda na karatasi ofisini kwake akapiga hesabu. Wastani wa wale kumi na wanne ulikuwa sitini na tano. Waliosoma kwa penseli ya Mwanasha walikuwa wamewapita waliokaa kwenye mashine. Alirudia hesabu hiyo mara tatu, na kila mara hasira ilimzidi.

Kikao kilifanyika Jumatano asubuhi. Mwanasha aliingia, akawaamkia wote shikamoo, akasimama mikono ameikunja juu ya daftari. Bwana Nzai alimsomea barua, kisha akamwuliza kama ana la kusema.

"Hakuna aliyetuambia tusifundishane," alisema. "Na wenzangu hawakuulizwa kama wanakubali kunyimwa."

Daktari Wafula alieleza kwa upole kwamba sayansi ina masharti yake, na kwamba wanafunzi wakiambiwa kila kitu majaribio hayafai tena. Hapo Mumbe alisimama. Alikuwa amejiahidi kusema kwa adabu, na sauti yake haikupanda.

"Daktari, ulikuja kuuliza kinachowasaidia kuelewa. Huyu amekujibu. Jibu hulitaka, ndiyo maana unaliita uchafu."

Alisema kwamba kuwaondoa wale kumi na wanne bila kuandika kwamba wameondolewa ndio udanganyifu pekee uliofanyika pale chuoni, na kwamba ripoti ya namna hiyo hataitia sahihi. Bwana Nzai aliangalia dirishani. Alikuwa mtu mwema, lakini kompyuta zilikuwa za Daktari Wafula. Alimpa Mwanasha barua ya onyo, akafunga kikao.

Wiki iliyofuata gari lilikuja likazichukua mashine zote nane kuzipeleka tawi jingine. Ripoti ilitoka ikiwa na pengo kubwa kati ya makundi mawili, bila jina la Mumbe. Watu wengi waliisifu.

Mumbe aliliandikia baraza la chuo kurasa tisa, akaambatanisha alama zote arobaini na michoro ya Mwanasha. Hakujibiwa. Aliandika tena, na tena. Mwaka uliofuata ilikuja barua ya mistari miwili: onyo limefutwa kwenye faili la mwanafunzi. Kuhusu ripoti haikusema neno.

Alimpelekea Mwanasha habari hiyo Lunga Lunga, alikokuwa akifanya mazoezi ya ualimu. Mwanasha alimkaribisha kwa furaha, akaisoma barua mpaka mwisho, akaikunja. Akauliza kama wale kumi na wanne wamerudishwa kwenye ripoti.

"Hapana," alisema Mumbe.

"Basi bado, mwalimu," alisema Mwanasha, akamrudishia barua. "Dhuluma niliyotendewa mimi ilikuwa ndogo."

Mumbe alirudi Msambweni na jioni ile ile akaanza barua ya nne.