Mtihani wa Presha

Mama yangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na tangu astaafu hajaacha kusimamia. Anasimamia chai isichemke ikamwagika, anasimamia mishono yangu, anasimamia hata majirani wakianika nguo. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Mimi namwita Mama, ila nikikasirika namwita Mwalimu na mimi. Mwaka huu nimemwita Mwalimu mara nyingi kuliko miaka yote.

Mimi ni fundi wa kushona. Chumba cha mbele ndicho kazini kwangu: cherehani, meza ya kupigia pasi, na kiti cha Mama karibu na dirisha, anakokaa kunikosoa. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na nilikuwa na marundo ya sare yaliyonifika kiunoni. Kila mzazi alitaka ya mwanawe kesho. Nilikuwa nimechoka hoi, uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao, na juu ya hayo yote kulikuwa na presha ya Mama.

Kila asubuhi nilimwekea vidonge vyake kwenye kisosi, pembeni ya kikombe cha chai, nikarudi kwenye cherehani. Kisosi kikirudi kitupu, moyo ulitulia. Kila mwezi tulikwenda kliniki. Tulikaa kwenye benchi refu pamoja na wenzetu wa presha, na kila akiitwa mmoja sote tulisogeza makalio, hata unapofika mlangoni unakuwa umeling'arisha benchi zima. Ndani, daktari alimfunga Mama ule mkanda wa mkononi, mashine ikakoroma, namba zikapanda. Mwezi wa kwanza, mia na sabini kwa mia. Daktari akaongeza dozi ya kidonge cheupe. Mwezi wa pili hali ilikuwa ileile, akamwandikia kidonge cha pili, cha njano. Mwezi wa tatu zikafika mia na themanini, na cha njano nacho kikaongezwa nguvu. Presha yenyewe ilikuwa kama haijaambiwa kitu.

"Dada," daktari akaniuliza mwezi ule wa tatu, akinitazama juu ya miwani, "una hakika Mama anapata dawa zake kila siku?"

"Nampa kwa mkono wangu," nikasema.

Mama alikuwa anafunga kifungo cha mkono wa gauni lake, kimya, macho chini. Nilidhani ni uchovu wa foleni.

Kaka yangu hakuuliza, yeye alihukumu. Anaishi mbali, anamlea Mama kwa simu. "Kwani unashinda unafanya nini hapo nyumbani?" akaniambia. "Kidonge tu kinakushinda?" Nilikata simu nikalia juu ya sketi ya mtoto wa watu, ikabidi niipige pasi upya.

Na kweli Mama alikuwa anazidi kulegea. Akiinuka kitini anashika ukuta. Anasema chumba kinazunguka. Mimi nikawaza presha imempanda tena, nikawa mkali zaidi na kile kisosi.

Siku aliyoanguka ilikuwa yapata saa nne asubuhi, wiki mbili hivi baada ya kliniki ya tatu. Nilikuwa napinda sketi, na yeye yuko kwenye kiti chake.

"Hilo pindo linakwenda kama nyoka," akasema, akainuka aje anionyeshe.

Hakufika. Magoti yalimwishia njiani, akaenda chini mzimamzima, bega likagonga meza ya pasi. Pasi ilikuwa ya moto. Ilitikisika, ikabaki juu, na mpaka leo sijui nani aliizuia.

Roho iliniruka. Nilikurupuka kwenda duka la dawa la ng'ambo ya barabara, nikakanyaga chaki yangu ya kuchorea kitambaa, ikasagika. Muuza dawa alikuja mbio na mashine yake. Alimpima Mama mara mbili, akakunja uso.

"Imepanda sana?" nikauliza.

"Haijapanda, dada. Iko chini. Themanini na nane kwa hamsini. Kwa presha hii lazima mtu aanguke."

Tukamlaza, tukainua miguu yake juu ya rundo la sare, tukampa maji kidogo kidogo. Baada ya nusu saa namba zilivuka mia, na Mama akaanza kulalamika kwamba tumembwaga kama gunia, tukajua amerudi. Muuza dawa aliniambia nisimpe kidonge kingine mpaka daktari amwone kesho asubuhi, na akizimia tena nisingoje kesho, nimkimbize hospitali. Nilimtajia namba za kliniki; alipokuwa anakunja mpira wa mashine alitikisa kichwa.

"Kliniki mia na themanini, hapa themanini na nane," akasema. "Sijui mnanieleza habari za mgonjwa mmoja au wawili."

Mchana Mama alilala, nami nikarudi kwenye sare, maana sare hazijui kama mtu kaanguka. Chaki yangu ilikuwa unga sakafuni. Nikakumbuka kopo la chaki la Mama, lililokaa juu ya kabati tangu astaafu, nikalishusha.

Chaki zilikuwamo mbili tu. Vingine vyote vilikuwa vifurushi vidogo vya karatasi ya daftari, vimekunjwa vizuri, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa kalamu nyekundu. Nikafungua cha kwanza: kidonge cheupe. Cha pili: kidonge cheupe. Cha saba: cheupe na cha njano. Vyote vilikuwa tisa. Nilikwenda kuchukua kadi ya kliniki nikalinganisha. Tarehe zilikwenda tatu tatu, na kila tatu iliishia siku ya kliniki.

Nilikaa sakafuni nikamsubiri aamke. Alipoamka nikamwekea kopo mapajani.

"Mwalimu," nikasema. "Nieleze."

Hakuona haya. Hilo ndilo lililonichoma. Alijivuta akakaa, akanyoosha mgongo.

"Ile mashine inatakiwa kupima mwili wangu," akasema. "Nikienda nimemeza dawa, inapima dawa. Huo ni wizi wa mtihani. Kwa hiyo siku tatu naacha, mwili unabaki mtupu, daktari anauona ukweli. Nikirudi naendelea kama kawaida. Kosa langu liko wapi?"

"Liko wapi! Kila ukimpa huo ukweli wako anakuongezea dawa, halafu ukirudi huku unazimeza zote. Leo nusura uangukiwe na pasi ya moto!"

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga! Miezi mitatu naambiwa simtunzi mama yangu. Kaka kanisema, daktari kanitilia shaka, na wewe ulikuwa pale unafunga kifungo. Nimechoka, Mama. Nimekuchoka hata wewe."

Nililisema hivyo hivyo, na sikulirudisha. Alishika kopo kwa mikono miwili, akageukia dirisha.

Yale maneno, wizi wa mtihani, ndiyo yaliyonipandisha hasira, na yeye anajua kwa nini. Mwaka wangu wa mwisho shuleni nilikuwa darasani kwake. Kulikuwa na mtihani wa kuchuja: ukifaulu unaandikishwa kufanya mtihani mkubwa, ukianguka unarudia darasa. Hesabu zilikuwa hazinipandi kabisa. Nikaandika kanuni nyuma ya rula kwa herufi ndogo mno. Mama ndiye aliyekuwa anasimamia, anapita kati ya madawati na viatu vyake vinavyolia. Vilifika kwangu vikanyamaza. Alisimama pale muda mrefu, namsikia anavyopumua, nami sithubutu kuinua kichwa. Kisha mkono wake ukaja, ukachukua rula, ukachukua na karatasi, akanitoa nje mbele ya wote. Nilirudia darasa muhula mmoja kwa aibu, nikakataa kwenda tena, nikaingia kwenye kushona. Niliiba kweli, sikatai. Lakini miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza ni mama wa namna gani yule.

Asubuhi yake tulikuwa kwenye benchi, kopo limo ndani ya mkoba wangu.

"Utanisema?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sikusemi. Utasema mwenyewe."

Tulisogeza makalio benchi zima. Ndani, kabla daktari hajachukua mkanda, nikaliweka kopo mezani. Mama alilifungua. Alieleza yote, tarehe kwa tarehe, kwa sauti yake ya darasani.

"Sikutaka kudanganya," akasema.

Daktari alivua miwani. Ni msichana bado, umri wa wale wanafunzi wa mwisho wa Mama, na nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutocheka.

"Mwalimu," akasema, "aliyekuwa anafanya mtihani ni dawa, si wewe. Mimi nilitaka kuona kama inafanya kazi. Wewe ukamfungia mtahiniwa nje, mimi nikasahihisha karatasi tupu, nikampa sifuri. Na kwa kila sifuri nikakuletea mtahiniwa mwingine."

Mama alikunja mkono wa gauni, akamnyooshea mkono apimwe.

Daktari alimpima, akafuta kidonge cha njano, akarudisha cheupe kwenye dozi ya mwanzo. Nyuma ya kadi akaandika kwa herufi kubwa: kila siku, saa ileile, na siku ya kliniki pia. Akisahau siku moja, kesho yake asimeze mara mbili kufidia. Asiache mwenyewe bila kuuliza, maana presha ukiiachia ghafla inaweza kurudi kwa kishindo. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Vidonge vya kwenye kopo akavichukua vyote.

"Baada ya wiki mbili njoo tupime upya," akamwambia. "Ukija bila kumeza, nitaongeza tena dawa, kwa sababu mimi sina macho ya kuona ndani ya kopo. Na safari nyingine unaweza usiamke."

Kisha akanigeukia. "Samahani sana, dada."

Nilitaka kumwambia hakuna neno. Nikaitikia kwa kichwa, nikachukua kadi.

Wiki mbili zile, kila asubuhi sikurudi kwenye cherehani mpaka nione koo la Mama linapanda na kushuka, kidonge kimekwenda. Sare zilichelewa, wazazi walininunia, na mgongo wangu ulikuwa si wangu tena. Kizunguzungu kilimwisha Mama siku ya nne au ya tano. Alianza kutembea mpaka kwenye geti na kurudi na habari za watu. Siku tatu kabla ya kliniki nilimwona anakishika kidonge, anakiweka, anakishika tena. Alikimeza, lakini siku hiyo hakukosoa pindo lolote, na mimi nikajua bado hatujavuka.

Asubuhi ya kliniki alivaa gauni lake la kutokea. Maji yako mezani, kidonge kiganjani.

"Miaka thelathini na miwili," akasema. "Mwili wote unaniambia naiba."

"Najua, Mama."

"Geuka kidogo, mwanangu. Nitakimeza. Wewe geuka tu."

Nilitaka kugeuka. Mungu ananiona, nilitaka sana, kwa sababu nilikijua alichokuwa anaomba. Nami niliwahi kukiomba kimyakimya, rula iko mkononi. Lakini niliyaona magoti yake yakiisha njiani, nikaiona pasi ikitikisika, nikaiona na siku nyingine ambayo ataanguka mimi nikiwa sokoni kununua uzi. Miguu ilikataa.

"Sigeuki, Mama," nikasema, na machozi yakanitoka.

Alinitazama. Alichukua muda mrefu, ninamsikia anavyopumua.

"Hata mimi siku ile nilitaka kugeuka," akasema.

Akaweka kidonge ulimini, akanywa maji, akameza. Kisha, bila kuambiwa, akafungua mdomo na kuinua ulimi nikague. Nikakagua. Nikamfunga kifungo cha mkono wa gauni, nikachukua mkoba na kadi, tukatoka kwenda kuwahi benchi.