Katoni Yenye Alama ya Kijani

Asma alikuwa fundi wa programu pekee katika shirika moja la dawa pale Kasongo, na alichojivunia ni funksheni zake ndogo, vile vipande vifupi vya maagizo anavyoiandikia kompyuta. Hizo ndizo zilizosimamia hali ya kila katoni kwenye tovuti ya shirika: inasubiri, iko njiani, imefika. Kila hali ilikuwa na masharti yake. Ukitaka kuandika "imefika", lazima utaje jina la aliyeipokea. Bila jina, funksheni inakukatalia mchana kweupe.

Waliozichukia ni wenye pikipiki waliosafirisha katoni hizo. Huku kwetu ukimpigia mtu simu anakujibu "nimeshafika" huku bado anatafuta viatu. Anakutuliza moyo tu. Na kwa kuwa njia ya Kabambare haina mtandao, wao walibonyeza "imefika" hapo hapo Kasongo, kabla ya kuondoka. Funksheni ikakataa, ukurasa ukajaa mistari myekundu.

"Asma, wageni wanakuya kesho," alisema Marcellin, mkurugenzi wake. "Ile nyekundu yote itatupatisha haya. Toa kile kizuizi yako."

"Directeur, iko inatukinga."

"Inatukinga na nini?"

Asma akakitoa. Hapo ndipo panapouma, maana aliyekitoa ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe. Palipokuwa na hali tatu na jina la mpokeaji, aliandika neno moja tu lenye maana ya "chochote", ili funksheni ikubali lolote bila kuuliza. Ukurasa wote ukawa kijani. Wageni wakapiga picha, wakaenda zao.

Wiki iliyofuata ilitumwa Kabambare katoni ndogo ya insulini ya mama yake Asma, Mama Rehema, ambaye dawa ilikuwa imemwishia. Siku ya pili mdogo wake Feza akapiga simu kutoka huko.

"Yaya, katoni haiyafika."

"Imefika. Niko naiona hapa."

"Nilienda ku santre ya afya, hakuna kitu. Na mama iko anazidi."

"Rudi, uwaulize muzuri. Wameificha."

Feza akarudi, akagombana na muuguzi wa watu kwa sababu ya maneno ya dada yake. Kesho yake akarudi tena. Asma hakumpigia mwenye pikipiki hata mara moja. Ampigie wa nini, na kioo kinaonyesha kijani? Kumbe pikipiki ilikuwa imeharibika njiani, pale Lusangi, na katoni imewekwa dukani kwa mtu, mahali ambapo Feza angeweza kuifuata akaichukua mwenyewe.

Siku ya nne Mama Rehema akafariki. Walimzika alasiri ile ile, Asma akiwa bado njiani.

Aliporudi kazini Marcellin alimpa pole, akasema ni mapenzi ya Mungu. Asma alimchukia, lakini alijichukia mwenyewe zaidi. Katoni ilikuwa imerudishwa, iko juu ya meza yake, haijafunguliwa.

Akakaa, akafuta lile neno "chochote", akazirudisha funksheni zake kama zilivyokuwa. Zikapitia orodha yote, na mistari kumi na saba ikawa myekundu. Wa tisa ulikuwa wa mama yake, na funksheni ilimuuliza fundi wake kama inavyomuuliza mtu yeyote: nani aliipokea?

Asma aliandika "Rehema". Akalifuta. Ile nafasi ikabaki wazi, na mstari mwekundu.