Weupe wa Jicho

Mchora mabango mmoja alijiita Jicho, na kwa dharau hakuwa na mpinzani. Akipita mtaani, mdomo ulishabinuka tangu kona ya kwanza. Bango la mwenye bucha lilikuwa na ng'ombe, kisu, mizani, namba tatu za simu na mwenye bucha mwenyewe akichekelea.

"Huyu kavaa nguo zote za kabatini kwa mpigo," alisema Jicho. "Sasa ile nzuri nani ataiona?"

Basi dada yake mkubwa, msusi, akafungua saluni. Akiba yake yote iliishia kwenye viti na kioo. Wateja wasipokuja, angerudi kusuka watu sebuleni, watoto wakimpanda mgongoni. Akamwomba mdogo wake bango lenye mitindo sita na maua pembeni.

"Dada, jicho linataka kupumzika. Niachie mimi."

Akamtengenezea ubao mkubwa, mweupe pee, na chini kwenye kona kitana kimoja cha kijivu. Kando yake akatia saini, kubwa kuliko kitana. Kisha akarudi nyuma, akajipongeza, maana mwingine wa kumpongeza hakuwapo.

Wateja hawakuja. Waliobisha hodi walikuwa watu wanaotafuta fremu ya duka ya kupanga. Mwenye bucha ndiye aliyetonesha kidonda: alikuja kutoa pole, akidhani rangi imemwishia fundi katikati ya kazi.

"Washamba tu hao," alisema Jicho. "Hawajui kuona."

"Mdogo wangu, hao washamba ndio wenye vichwa ninavyosuka." Dada yake akachukua pochi, akaenda kununua kopo la rangi nyekundu.

Siku chache baadaye Jicho alitokea ng'ambo ya barabara, mdomo tayari umebinuka. Katikati ya weupe wake, kwa brashi ya kupakia ukuta, paliandikwa TUNASUKA. Herufi zilipepesuka, na ile K ilikuwa karibu kulala. Akatafuta la kukejeli, akakosa. Jicho lake lilikwenda pale moja kwa moja, likakataa kuondoka. Mtaa mzima hapakuwa na neno lingine linaloonekana. Iliuma.

Akavuka. Ndani, benchi lilijaa hadi mlangoni.

"Bango lako zuri," mteja mmoja alikuwa akisema. "Nani kakuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe," alijibu msusi bila kuinua macho. "Mdogo wangu huyu alinipakia rangi ya chini."