Bahari ya Al-Suwaidi

Mimi Jackton sikuzaliwa mwongo, na anayesema hivyo aje aniambie machoni. Nilidanganywa kwanza. Mwaka 2013 wakala mmoja wa Nairobi alinionyesha michoro ya hoteli ya kifahari kwenye kisiwa karibu na Jeddah, mali ya familia moja ya Riyadh. Vyumba kumi na viwili tu, akasema, na wageni wa kuletwa kwa boti. Mimi nitakuwa mapokezi. Si nilikuwa nimefanya mapokezi Kisumu miaka sita? Nikatia sahihi huku natabasamu kama bwege.

Bosi alinipokea vizuri, sitamsingizia. Akanipeleka nyumbani kwake Al-Suwaidi, mtaa wa Riyadh, akanipa sare nyeupe ya hoteli na ufunguo wa gari. "Hoteli bado kidogo," akasema. "Miezi mitatu. Kwa sasa, endesha." Nikaendesha. Watoto shuleni, madam sokoni, bosi ofisini Al-Murabba. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huko, ilipotoka iliandikwa dereva wa nyumbani. Nikauliza, akacheka: "Karatasi tu hiyo, Jackton. Yalla, twende."

Lakini kitu kimoja kilikuwepo kweli. Nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, bosi alikuwa amejenga chumba kimoja cha mfano, sawasawa na vile vitakavyokuwa kisiwani. Kitanda kipana, bafu la marumaru, taa za shaba. Familia nzima ilikuwa ikija hapo kubishania rangi ya mito. Na nje ya dirisha, ili mtu aone atakachoona mgeni, walitundika picha kubwa ya bahari, imechapwa kwenye turubai na kumulikwa kwa taa. Haki ya Mungu, ukisimama ndani ungesema unasikia mawimbi. Ila upande wa kulia, usawa wa kichwa cha mtu, turubai lilikuwa limechanika na ukuta wa jirani unaonekana.

Kupangusa vumbi chumba kile ilikuwa kazi yangu kila Ijumaa. Siku moja mke wangu Selipher akapiga simu kutoka Kisumu. "Baba Yvonne, watu wa kanisa wanauliza hoteli iko wapi. Mbona hutumi picha?" Ningefanya nini? Nilivaa ile sare, nikasimama dirishani, kichwa changu kikauziba ule mpasuko, nikajipiga picha, nikamtumia. Selipher akaichapisha studio, akaitundika sebuleni. Binti yetu Yvonne, wa miaka saba, akawa anawaonyesha wageni: "Baba yuko baharini."

Mwaka uliofuata bosi alinichukua hadi Jeddah. "Leo utaona hoteli yako," akaniambia, furaha imemjaa. Tukapanda boti pamoja na kaka yake mkubwa, jua la kutoboa fuvu. Kisiwani nilikuta nguzo kumi na mbili za zege, mifuko ya saruji iliyogeuka mawe kwa unyevu, na mavi ya ndege kila mahali. Ndugu hao wawili wakaanza kufokeana hapo hapo. Kisiwa kilikuwa urithi wa baba yao, na kaka mkubwa alikuwa hataki tena kusikia habari ya hoteli. Bosi akakaa juu ya saruji, akafunika uso kwa kilemba chake. Njiani kurudi alisema neno moja tu, "Halas," yaani basi, imekwisha. Vitanda vilivyokwisha kufika Bandari ya Jeddah viliuzwa bila hata kufunguliwa.

Tangu hapo, kila alasiri bosi huingia kwenye chumba cha mfano, akakaa kitini akaitazama ile bahari. Hakuna anayethubutu kumwambia akibomoe.

Na mimi je? Hapo ndipo ningesema ukweli, na sikusema. Selipher akiuliza hoteli inaendeleaje, namjibu wageni ni wengi, hata kula sipati nafasi. Aibu ni kitu kibaya jamani. Picha iko sebuleni, pasta ameiombea, mtoto anaringa nayo. Utaanzia wapi?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka Riyadh hadi Kisumu, kisha ikarudi na ndege. Mwaka 2015 madam aliniita jikoni, uso unang'aa. "Jackton, mabruk, hongera! Mkeo anakuja." Kijakazi wao alikuwa amemaliza mkataba na kwenda kwao. Kumbe Selipher alikuwa amebeba ile picha yangu hadi kwa wakala yule yule, akamwambia, "Nataka pale alipo mume wangu." Wakala akampigia madam. Madam naye, maskini, alidhani anatufanyia hisani.

Nikampigia Selipher papo hapo.

"Mama Yvonne, usije. Hakuna hoteli."

"Ati nini?"

"Hakuna. Ile bahari ni picha tu. Mimi ni dereva."

Akacheka kicheko cha kuumiza. "Jackton, miaka miwili umekuwa mapokezi. Leo mimi nimepata nafasi, umegeuka dereva. Huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Mwanamke gani? Nakuapia, Selipher!"

"Hata mama yako aliniambia utanizuia."

Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikapiga picha ya turubai kwa nje: mbao, waya za taa, tangi la maji. Nikamtumia. Akajibu, "Hiyo ni stoo ya nani?" Nikamsihi madam, akashangaa sana. Viza imeshatoka, akasema, na mume gani asiyetaka mkewe karibu? Selipher naye alikuwa ameshaacha kazi yake ya kufundisha chekechea, na Yvonne ameshapelekwa kwa nyanya yake. Ujumbe wake wa mwisho ulisema, "Tutaonana kisiwani."

Alitoka uwanja wa ndege amevaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi, zimepigwa pasi, nywele zimesukwa upya. Madam, aliyekuja nami kumpokea, akamvika abaya juu yake pale pale. Hatukukumbatiana. Nilipoinama kuchukua begi akaninong'oneza, "Ndege ya Jeddah ni saa ngapi?"

Nikapakia begi, nikawasha gari. Nilimwona kwenye kioo cha gari akisoma kila kibao cha barabarani, mpaka tukaingia geti la Al-Suwaidi.

Madam alichukua pasipoti, akampa aproni, akamwonyesha jiko, sakafu, vyumba vya watoto. Mwisho akamwonyesha chumba cha nyuma: "Hiki, kila Ijumaa." Siku nne Selipher alifua na kupiga deki. Ijumaa nikiwa naosha gari akaniita.

Nilimkuta chumba cha mfano, amefungua dirisha, mkono ameunyoosha nje, kucha zake zinakwaruza bahari. Nilijiandaa kutukanwa. Angenitukana ningeshukuru.

"Ulinipigia ukaniambia," akasema.

"Nilikuambia."

"Sikukuamini."

"Kosa si lako, mama."

Akalia, akajifuta kwa kitambaa cha vumbi. Kisha akavua aproni, akanyoosha blauzi. "Nipige picha."

"Selipher, wacha. Tuseme ukweli yaishe."

"Tumwambie nani? Yvonne? Kila siku anauliza kama nimefika baharini. Mtoto nimemwachia nini kingine? Nipige, kabla madam hajaita."

Akafunga dirisha, akasimama mbele yake, akatabasamu tabasamu lile lile la siku ya harusi yetu. Nikainua simu. Nyuma ya bega lake ukuta wa jirani ulikuwa unaonekana.

"Sogea kushoto kidogo," nikamwambia.

Akasogea.